Pima Thelathini

Shangazi Gudveig hununua chumvi kwa gunia,
chambo hanunui.
Huvua mwenyewe, alfajiri isiyo alfajiri,
maana Juni huku kaskazini mwa Norwe jua halizami,
huzunguka tu juu ya milima kama mgeni asiyejua kuaga.

Visamaki vya kijivu. Huvikata mshazari, utumbo ukining'inia,
huvitoboa kwa ndoana kubwa kama mkono wa kikombe,
na vidole vyake hunuka hadi Jumapili, kanisani.
"Damu ndiyo barua," husema.
"Kule chini hakuna anayesoma rangi."

Mimi nilitoka Stavanger na sanduku.
Samaki wa plastiki laini, kila mmoja na kifuko chake,
wananuka vitunguu saumu na pipi,
mikia yao hutikisika hata ukipiga chafya.
Nikamwekea mezani. Akamfinya wa waridi,
akamnusa, akamrudisha.
"Huyu hata paka hamdanganyi."
Paka alikuwa chini ya meza. Hakuamka.

Boti moja, imani mbili.
Yeye nyuma, chubwi limelala mchangani pima thelathini,
kahawa magotini. Anangoja.
Mimi mbele nainua, nashusha, nainua, nashusha,
bega linawaka.
Chambo chake kimekwisha kufa, hakihitaji msaada.
Wangu hajawahi kuishi;
uhai wake wote unatoka kwenye kifundo changu cha mkono.

Wiki ile nilipoteza wawili miambani
na nikampata mmoja, bapa, wa kilo kumi na mbili,
ndoana ukingoni mwa mdomo kama kipini.
Nikamwachia. Akashuka kama sinia lililoponyoka.
Shangazi akatazama upande mwingine,
akasema kahawa imepoa.

Kiangazi kilichofuata fimbo yake iliinama.
Haikushtuka. Iliinama polepole, kama mtu anayetafuta kiatu
chini ya kitanda.
Saa moja na robo mshipi ulitoka, ukarudi, ukatoka,
na hakutaka nimpokee.
Kisha maji chini yetu yakabadilika:
kahawia, pana, mlango wa ghala unapanda,
macho mawili upande mmoja.

"Mama huyu," akasema. "Tumrudishe."
Akafungua taya kwa glavu. Ndoana haikuwapo.
Mshipi ulipita ulimi, ukapita koo,
ukazama kule chambo kizuri kinakozama.
Alikuwa amekiamini.
Damu ikatoka matamvuani. Tukangoja ikome.
Tukangoja.

Nilikuwa na neno. Lilikuwa tayari,
nimelinoa tangu siku ile ya paka.
Sikulisema wakati ule kwa sababu ya uso wake,
na baadaye sikulisema kwa sababu ya hili:

gatini alimpasua. Kaa watatu. Chambo, kizima.
Na kando ya chambo, kimejikunja,
kitu cha waridi.
Nusu ya mkia hakina. Ndoana yake imebaki vumbi la kutu,
lakini waridi ni ileile ya dukani,
na nilipokinusa, naapa, kwa mbali: pipi.

Mwaka jana nilikata mshipi uliokwama mwambani.
Nilidhani ni mwamba.

Gudveig akaosha kisu. Akakiosha tena.
Minofu tukaigawa nyumba kumi na moja,
na kila mlangoni walitusifu, tukaitikia
kama watu wanaopokea pole.

Siku hizi ndoana zake zimepinda ndani, kama kucha za kipanga,
hazikamati ila mdomo. Hakuniambia; niliziona zikining'inia.
Sanduku langu liko stoo, sijalitupa,
sijui plastiki hutupwa wapi ikatupika.

Yule wa waridi yuko dirishani, karibu na chungu cha maua.
Jana usiku, jua likiwa kali,
paka alipanda, akamnusa,
akamlamba mara moja,
akaketi kando yake kungoja.